Mwenye Shairi la Ishirini na Mbili

Karatasi zilizidi moja. Watu saba, kila mmoja mashairi matatu mafupi, hiyo ni ishirini na moja hata kwa asiyejua hesabu. Lakini Kinuyo alizihesabu kapuni mara mbili, na mara zote mbili akapata ishirini na mbili.

"Kuna mtu ameandika manne," alinong'ona.

"Mwenye tamaa atajulikana tu," alijibu Tamae. "Isije ikawa ni wewe, shoga. Miaka kumi na miwili mwalimu hajakuchagua, labda umeamua kuongeza ndoano."

Kinuyo alicheka, ingawa neno lile lilimchoma.

Asubuhi walikuwa wameuzunguka mkafuri wa hekalu, mti wa miaka elfu ambao washairi wameujia tangu enzi za mababu, wakaandika huku majani makuukuu ya mwezi wa Mei yakiwadondokea mabegani. Mke wa kasisi aliwaomba jambo moja: wasiitane majina karibu na mti huo. "Huwa unayachukua," alisema, kwa sauti ya mtu anayekuonya kwamba ngazi zinateleza. Sasa walikuwa wamekaa ukumbini, na hakuna aliyejali kwamba mizizi imepita chini ya sakafu mpaka mikeka imetuna.

Karatasi zilichanganywa, zikanakiliwa kwa mikono ya wengine ili mwandiko usimfichue mtu. Desturi yao ndiyo hiyo: Mwalimu Hosaka husoma aliyoyachagua, na mwenye shairi hutaja jina lake kwa sauti. Ili alitaje lake mbele ya mzee yule, walau mara moja kabla ya kufa, Kinuyo alikuwa amepanda basi kila mwezi kwa miaka yote hiyo.

"La pili kwa ubora," alisema mwalimu, akasoma:

*Majani yote*
*yameanguka, ila*
*jina la mtu.*

Hakuna aliyejitaja. Alisoma tena. Harufu ya kafuri, ile ya makabati ya nguo za marehemu, ikapanda kutoka katikati ya mikeka.

"Nasoma mara ya mwisho," alisema mwalimu. "Lisipopata mwenyewe, nalitupa."

Kinuyo aliwatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wameinamisha macho. Shairi zuri namna ile litupwe, nani atafaidika?

"Kinuyo," alijitaja, ingawa halikuwa lake.

Nje, upande wa mti, sauti ikarudia: "Ki-nu-yo." Polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Umesikia?" Kinuyo alimnong'oneza Tamae.

"Nimesikia nini, shoga..." Tamae alimtazama, macho yamempotea. "Samahani. Jina lako nani vile?"

"Usinitanie, Tamae."

"Sikutanii. Nakujua tangu tuko shule, nakujua mpaka mama yako. Lakini jina silioni."

Mwalimu alifunua karatasi ya mwisho. "Na hili ndilo la kwanza. Sijapata kusoma lililonigusa hivi."

*Nguo za mama*
*zanukia kafuri,*
*bado nakunja.*

Lilikuwa lake, lake kweli, alilolitunga moyoni akilia mbele ya kabati wiki tatu baada ya mazishi, na moyo ulimruka kwa furaha kabla hofu haijaushika, kwa maana alifungua kinywa kulitaja jina lake akakuta mahali pake pamebaki patupu, akatafuta jina aliloitiwa chakula utotoni, jina alilolijibu darasani, jina lililoandikwa katika cheti chake cha ndoa, na kila alikopita akakuta ni harufu ya kafuri tu, huku wenzake sita wakingoja na mwalimu amekaza macho.

"Kinuyo," ilisema sauti kutoka mtini, safari hii bila kusitasita, kwa sauti yake yeye aliyepotewa na jina, na mkwaruzo wake wa koo.

"Hongera, Bi Kinuyo," alisema Mwalimu Hosaka, akainama kwa heshima kuelekea dirisha la upande wa mti.

Wote waligeukia huko wakapiga makofi. Tamae ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, machozi yakimtoka, kwa jinsi alivyomfurahia shoga yake.