Mkono Uliopaka Rangi Kigari

Mkono wa Fundi Mabango uliacha kutetemeka Jumanne, saa nane mchana, na mkewe ndiye aliyegundua kwanza.

Mzee aliandika mabango ya maduka miaka arobaini, hadi ugonjwa ulipomnyang'anya mkono wa kulia, hata kikombe kikamshinda. Mkwe wao alimwonea huruma, akamletea boksi alilolipata kwenye vitu vikuukuu. Ndani mlikuwa na kigari cha chuma cha mtindo wa zamani, vipande vipande, cha kuunga na kupaka rangi mwenyewe: bodi, milango, bampa, matairi ya mpira madogo kama vifungo.

"Atajishughulisha, mama," mkwe alisema. "Kuliko kulala anahesabu mabati."

Sasa mzee alikuwa ameshapiga bodi msasa na rangi ya kwanza, na alikuwa akivuta mstari mwekundu ubavuni mwa mlango, mwembamba kama unywele. Haukuyumba.

"Baba watoto! Umepona!"

Chumba kilinuka nywele zinazoungua, na moto haukuwapo.

Siku ya tatu kigari kilikwisha, kinang'aa. Mkono haukukoma. Ulipaka meza, ukapaka sahani. Mzee alikula kwa kushoto, huku wa kulia ukipapasa wenyewe, ukitafuta brashi kama mtoto mchanga anayetafuta ziwa.

"Mama watoto," alinong'ona, "usipige kelele. Huu mkono si wangu. Kuna mtu ndani yake."

"Mtu gani?"

"Simjui. Nikinyamaza namsikia anahema, hapa kwapani."

Mkewe akaushika. Ulikuwa wa baridi, na ulimsukuma kwa nguvu za kijana.

Kesho yake asubuhi aliitwa mganga. Alifukiza, akasoma, akamsemesha jini kwa upole kisha kwa ukali, na kadiri sauti yake ilivyopanda ndivyo ule mkono ulivyozidi kutulia juu ya goti, kama mgeni anayemngoja mwenyeji amalize maneno yake, mpaka ghafla ukanyakua brashi mezani, ukaichovya kwenye rangi, ukainuka, ukamchora mganga mstari mwekundu shingoni, kutoka sikio hadi sikio, taratibu, bila kuyumba, naye akawa amekaa vilevile, macho yamemtoka.

Alipoweza kusimama alikusanya vitu vyake.

"Dada yangu, huyu kanishinda," alisema kwa sauti ya chini. "Msimchokoze. Tupeni rangi zote."

Mkewe alitupa jalalani kigari, makopo na brashi. Siku mbili mkono ulilala pajani, kimya. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, uchovu ukamzidi mama yule, akajinyoosha kwenye kochi, akapitiwa na usingizi.

Aliamshwa na ubaridi vidoleni. Kucha zote tano za mkono wake wa kulia zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, vizuri ajabu, wala hakuna tone lililovuka ukucha. Mumewe alikuwa amepiga magoti kando ya kochi, mkono wa kushoto umekaba kiwiko cha kulia, machozi yanamchuruzika.

"Niliushika, mke wangu," alisema. "Wallahi niliushika. Umenishinda."

"Rangi umeitoa wapi?"

Akatikisa kichwa. Mkewe alitaka kujifuta kwa kanga, lakini vidole havikumtii. Rangi ilikuwa bado mbichi, na kidole chake kidogo kilikuwa kimeanza kujikunja, taratibu, peke yake.