Namba Nyeupe Uani kwa Baba

— Baba ameezua nyumba kwa sababu yako, Mhina, na mvua za vuli hizi hapa.

Mhina alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe letu la uani, amelimwagia maji alione vizuri. Hata kugeuka hakugeuka.

— Kwa sababu yangu? Nimefanya nini?

— Hiyo namba uliyopaka.

Mwaka 1974, huku kwetu Mazingara, watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Ukikuta rangi kwako, ujue zamu yako imefika. Mhina alikuwa msaidizi wa wachunguzi wa miamba waliotokea Korogwe, na kwake namba nyeupe ilikuwa alama tu ya jiwe alilochukua kipande chake. Baba yangu, Mzee Semboja, alipoiona alishusha paa ili aokoe miti yake ya kujengea huko tutakakohamishiwa. Kisha akamrudishia mshenga barua ya posa ya Mhina bila kuifungua.

— Kamweleze baba, — nikamwambia. — Kesho gari lenu linakwenda Lutindi. Mimi unaniacha na nini?

— Nitamweleza, Zamda.

Akamweleza kweli. Akamweleza jiwe.

— Mzee, tazama mistari hii ilivyojikunja. Zama za kale mabara mawili yalisukumana, jiwe hili likabanwa chini sana, kwenye joto kali. Ukiligonga na nyundo linavunjika. Lakini likibanwa polepole kule kwenye joto, linapinda, linatiririka kama uji mzito, na bado ni jiwe.

— Polepole kiasi gani?

— Mamilioni ya miaka, mzee.

Nilitamani kulia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mwanaume niliyempenda anahesabu mamilioni.

— Mhina, sema habari ya nyumba.

Baba alipitisha kidole kwenye mikunjo ile, akakirudisha.

— Kwa hiyo namba si ya kunihamisha.

— Hapana, mzee.

— Siku ile uliingia kwangu, ukagonga jiwe, ukapaka, ukaenda zako. Hodi hukupiga. Ungepiga ningekuuliza.



— Nimekosa, mzee.

— Kosa lako limeniacha bila paa. Anayemtaka binti yangu aniezekee.

— Lakini kesho asubuhi tunaondoka.

— Basi safari njema.

Kesho yake alfajiri nilimkuta Mhina ameshapanda juu. Nikawa namrushia nyasi bila kumsemesha. Saa nne Landrova ikapiga honi barabarani. Ikapiga tena.

— Shuka, — nikamwambia. Akishuka, namkosa. Asiposhuka, kazi hana. Sikujua nimkasirikie kwa lipi.

— Nipe nyasi, Zamda.

Honi ya tatu ilikuwa ndefu. Kisha gari likaondoka, na vumbi lake tukaliona mpaka kilimani. Mhina hakulitazama. Alikuwa anafunga kamba, na anaifunga vibaya.

Baba alikuwa chini, anachonga fito.

— Zamda, ile barua yao iko wapi?

— Ulimrudishia mshenga, baba.

— Kamwambie ailete leo, kabla huyu hajaniangukia.

Nilikimbia na nyasi zangu kichwani, njia nzima nalia. Hasira zilikuwa bado hazijaniisha. Mume hana kazi, lakini nimempata.