Mtamba wa Kwangu

Kwangu aliwajua ng'ombe wa Mzee Mugeta kuliko Mzee Mugeta mwenyewe. Kila asubuhi, huko Bugwema, alifungua zizi, akawaita mmoja mmoja kwa jina, ndipo akawapeleka malishoni. Aliyempenda zaidi alikuwa Nyota, mtamba mwenye alama nyeupe usoni. Huyo alikuwa wake, au karibu kuwa wake.

Walikubaliana hivi. Kwangu achunge mwaka mzima. Kila mwezi alipwe mshahara kwa simu. Mwaka ukiisha, apewe Nyota. Yunis, mchumba wake, aliishi Butiama, na baba yake alikuwa ameshapokea mahari yote isipokuwa ng'ombe mmoja. Nyota ndiye angekamilisha, harusi ifungwe.

Makubaliano hayo hayakuandikwa popote. Waliyasema uani mbele ya jirani wa mzee, Nathanieli, wakanywa togwa, basi. Kila mwezi ulipoisha, Kwangu alichonga alama moja kwenye fimbo yake.

Alama zilipofika kumi na moja, mpwa wa Mzee Mugeta akaja kutoka mjini akitafuta kazi.

"Kwangu, kuanzia kesho pumzika," mzee akasema. "Mpwa wangu ataendelea."

"Na Nyota wangu, mzee?"

"Nyota gani? Mwaka haujaisha. Halafu, kwani tuliandikiana?"

Kwangu alirudi kwao Butiama. Aliona aibu kumwambia Yunis. Kila alipoulizwa, alijibu, "Nyota bado ananenepa." Siku arobaini ng'ombe ananenepa tu! Mwishowe Yunis akamkazia macho.

"Huyo ni ng'ombe au kiboko? Sema ukweli."

Kwangu akasema yote. Kisha akashika fimbo yake. "Kesho mchana naenda malishoni Bugwema. Nyota ananijua. Nikimwita tu, atanifuata."

Yunis alishtuka. Alikimbia kumwita jirani yao Agness, ambaye zamani alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda cha pamba huko Bunda. Agness alikuja na unga bado mikononi.

"We Kwangu, una akili kweli? Ukimswaga huyo ng'ombe, wewe ndo utashitakiwa kwa wizi. Utafunga ndoa na polisi?"

"Sasa nifanyeje, mama? Hatukuandikiana."

"Hapo ndo watu wengi wanakwamaga. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Na kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, siyo wako. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kule Musoma. Utajaza fomu, bure kabisa. Nakala moja unampelekea Mzee Mugeta."

"Nilikuwa nasubiri hasira zake zishuke."

"Umesubiri vibaya! Kupinga kuachishwa kazi ni ndani ya siku thelathini. Hizo zimekupita. Mpaka uombe ruhusa na ueleze kwa nini umechelewa. Lakini dai la mkataba kuvunjwa, maana yeye ndo kakukatisha kabla mwaka haujaisha, lina siku sitini. Umebakiza ngapi?"

Yunis ndiye aliyejibu upesi. "Ishirini!"

"Basi kesho siyo Bugwema. Kesho ni Musoma. Na usifute zile meseji za mshahara kwenye simu. Huo ni ushahidi."

Siku ya usuluhishi, Mzee Mugeta alifika Musoma na koti lake la kanisani. "Hatukuandikiana kitu," alimwambia msuluhishi kwa fahari.

Msuluhishi, mama mmoja mwenye miwani, akatikisa kichwa. "Hapo ndipo una shida, mzee wangu. Kama huna maandishi, sheria inakutaka wewe uthibitishe kwamba hukuahidi mtamba. Unaye shahidi?"

"Shahidi ni Nathanieli..." mzee akaanza, kisha akakumbuka. Nathanieli aliisikia ahadi yote, neno kwa neno.

Kwangu alionyesha meseji zake kumi na moja. Akaweka na fimbo mezani, alama kumi na moja. Msuluhishi akatabasamu.

"Mimi sitoi uamuzi," akasema. "Nawasaidia mpatane. Msipopatana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, naye atapima ushahidi. Mtu asipotii uamuzi wake, mahakama inamlazimisha."

Mzee Mugeta akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda ng'ombe kupita kiasi tu. "Basi, achukue mtamba."

"Mtamba yupi?" Kwangu akadakia. "Mama, andika: alama nyeupe usoni. Andika na sikio la kushoto lina mkato."

Hata mzee akacheka. Wote wawili wakatia saini. Jumamosi Nyota akaingia zizini kwa baba yake Yunis, harusi ikafungwa, na Kwangu akafurahi mpaka akashindwa kula. Agness alikula kwa niaba yake.

Miezi mitatu baada ya harusi, Mzee Mugeta akabisha hodi Butiama. Mpwa wake alikuwa amerudi mjini, na ng'ombe hawakumsikia mtu mwingine.

"Rudi, mwanangu. Mwaka mzima, na mtamba mwishoni."

Kwangu alitamani kukubali palepale. Akamtazama mke wake. Yunis alikuwa ameshaleta daftari na kalamu.

"Karibu ukae, baba," akasema. "Tuanze na tarehe."

Mzee akakaa, akaandika polepole: siku ya kuanza, siku ya mwisho, mshahara. Alipofika kwenye mtamba, akainua kichwa.

"Umemchagua yupi?"

"Yule mwekundu wa pembe fupi," Kwangu akajibu.

Mzee Mugeta akaguna, akaandika. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaongeza na sikio.