Mgeni wa Benchi la Juu

Taulo la tatu lilikuwa limelowa.

Darlene Kangas alilikamua, akalinusa, akalirudisha kwenye kigingi karibu na mlango wa nyuma. Nyumbani kwao hapakuwa na mtu wa tatu. Kila Jumamosi yeye na mumewe Reino waliwasha sauna, kile kichumba cha mbao nyuma ya nyumba chenye jiko la mawe, wakakaa humo mpaka jasho liwachuruzike. Taulo la tatu alilitundika kwa mazoea tu, akitokea mgeni. Wiki hiyo hakutokea mgeni. Lakini taulo lilikuwa chapachapa, na lilinuka grisi, sufu mbichi na tumbaku ya zamani.

"Reino, umejifuta na mataulo mawili?"

"Kwani mimi tembo?" Reino alijibu kutoka jikoni, huku meno yakimgongana. "Hebu funga mlango huo, mke wangu. Baridi inaniua."

Mlango ulikuwa umefungwa.

Kabla ya hapo Reino alikuwa mtu wa kucheka. Kazi yake ilikuwa kuendesha greda la kusukuma theluji barabarani, na huku Michigan ya kaskazini mwenye kazi hiyo hakosi mkate. Tangu utotoni alitamani bunduki ya vita, ile waliyobeba ndugu wa babu yake waliobaki Ufini wakapigana na Warusi kwenye theluji. Hatimaye aliipata kwenye maonyesho ya bunduki, juu ya meza ya mzee mmoja aitwaye Gordy Pelletier. Ilikuwa imepakwa grisi nzito ya kahawia kutoka kitako hadi ncha.

"Hii ndiyo ya kwanza kununua?" Gordy alimuuliza.

"Ya kwanza, mzee."

"Nimejua. Umeibeba kama katoto kachanga." Gordy akapangusa grisi kwa kidole. "Sasa tazama, nisije nikaambiwa nimekuibia. Namba ya mtutu hii, namba ya huu mti wa kitako ile. Hazilingani. Baada ya vita walizifungua ghalani wakaziunganisha upya, mti wa huyu, chuma cha yule. Wajuzi hawaitaki."

"Mimi naitaka."

"Haya, bwana. Grisi hiyo itoe kwa kitambaa na subira. Usiipige msasa, na usiipeleke kwenye moto. Umenisikia?"

Reino alisikia, ila asiyesikia la mkuu ni yule aliyesikia akapuuza. Wakusanyaji wa kule kusini huifunga bunduki kwenye plastiki nyeusi wakaianika juani, grisi ikayeyuka yenyewe. Huku jua la Januari ni la kutazama tu. Reino akafikiri, mimi nina sauna, nihangaike na kitambaa kwa nini? Jumamosi iliyofuata walipomaliza kuoga, Darlene akatangulia ndani, naye akailaza bunduki juu ya benchi la juu, pale penye joto kali.

Sasa, watu wa huku wana desturi waliyokuja nayo kutoka kwa wazee wao. Anayetoka saunani wa mwisho humwaga kata moja ya maji juu ya mawe, husema "Hii ni yenu," kisha hufunga mlango. Mvuke huo ni wa wasioonekana, wale waliotangulia, maana saunani ndiko bibi zao walikojifungulia na ndiko maiti zilikooshwa. Reino alimwaga kata yake kama kawaida. Halafu akaitazama bunduki, akacheka.

"Na wewe askari, koga. Hapa ni kwako."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Asubuhi grisi ilikuwa imechuruzika yote sakafuni, na kwenye mti wa bunduki kulionekana mchoro uliochongwa kwa ncha ya kisu: kibanda kidogo, bomba la moshi, na moshi ukipanda. Ilikuwa sauna. Mtu aliyekuwa akiganda kwenye handaki alikuwa amechora kitu alichokitamani kuliko vyote. Reino aliupapasa mchoro ule kwa furaha, na baridi ikamwingia kupitia vidole.

Haikutoka. Alivaa sufu juu ya sufu, akalala miguu imeelekea jiko, na bado alitetemeka. Ni saunani tu alikopata nafuu, na hapo ndipo mtego ulipokuwa, kwa sababu mwaka uliopita daktari alimfungua mshipa wa moyo, akamwonya: joto kidogo tu, bwana Kangas, ukizidisha utakufa humo humo. Siku ya kwanza alikaa kidogo. Ya pili akakaa zaidi. Halafu akawa anatoka kazini, giza la saa kumi na moja jioni limeshatanda, anapita mlango wa nyumba bila hata kumsalimu mkewe, anakwenda moja kwa moja kule nyuma, na kila akifika anakuta jiko limeshawaka, na hakuna aliyeliwasha.

Jioni moja Darlene alimfuata. Aliposimama nje alisikia maji yakimwagwa juu ya mawe, tshiii, kisha mtu akashusha pumzi ndefu ya raha, na ile haikuwa sauti ya mumewe. Akavuta mlango. Reino alikuwa ameketi benchi la chini, midomo ya bluu ndani ya moto ule, mkono umeshika kifua. Na nyuma yake, kwenye mbao za benchi la juu, jasho lilikuwa likitiririka kutoka mahali pasipo na mtu, likishuka matone kwa matone kufuata umbo la mapaja, na magoti, na miguu miwili iliyokosa vidole, kama ya mtu aliyekatwa na barafu.

"Nani yuko huko juu?" Darlene alinong'ona.

"Usimtazame. Ndiyo kwanza anapata joto."

"Toka, Reino. Moyo wako!"

"Nikitoka naganda. Nikibaki napasuka. Niambie, mke wangu, niende wapi?"

Darlene alilia pale pale. Kesho yake wakajaribu kuirudisha bunduki kwa Gordy, na kabla ya kufika darajani mikono ya Reino ilikuwa imekufa ganzi kwenye usukani, gari nusura liingie mtoni. Wakageuza.

Ndipo alipoitwa Shangazi Impi, dada wa baba yake Reino, ajuza mwenye ulimi mkali ambaye usichanani mwake aliwasaidia wanawake kuosha maiti. Alikunywa kahawa, akala mkate wa iliki, akasikiliza hadi mwisho.

"Ulimkaribisha?"

"Nilitania tu, Shangazi."

"Ulimtania nani? Aliyekufa kwa baridi unamwambia hapa ni kwako, naye akatae? Mgeni siku mbili, ya tatu humpa jembe. Wewe mgeni wako umempa nyumba, mjinga wewe."

"Tumfukuze vipi?"

"Hafukuzwi. Ameonewa huyo. Hakuoshwa, hakuzikwa. Tutamwosha."

Waliliacha jiko bila moto. Shangazi Impi aliiosha bunduki kwa maji na sabuni, taratibu, kuanzia kichwani hadi miguuni kama aoshaye mtu, akiimba zaburi kwa sauti ya chini. Akaifunga shuka jeupe. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, na huku wanaokufa majira ya baridi hungoja kwenye chumba cha mawe cha makaburini mpaka theluji iyeyuke. Basi askari naye angengoja pamoja nao.

"Nitampeleka mimi," Reino alisema.

"Mzima?" Shangazi alimkazia macho. "Usibakishe hata msumari."

"Mzima, Shangazi."

Lakini wanawake walipoingia ndani kuota moto, Reino alilifungua shuka. Mchoro ulikuwa kwenye mti, alijiambia. Askari ni wa mti. Mtutu una kosa gani? Gordy angempa mti mwingine, na bunduki yake ya kwanza isingepotea. Tamaa ilimkalia shingoni kuliko mzuka. Akalegeza skrubu, chuma akakifungia ndani ya kabati la bunduki, mahali pake kwenye shuka akaweka bomba bovu la maji.

Mlango wa chumba cha mawe ulipofungwa, joto lilimrudia Reino kuanzia kwenye nyayo. Alivua kofia, akavua koti, akasimama kwenye theluji akicheka kama mwendawazimu. Jumamosi iliyofuata Darlene aliyapapasa mataulo. Mawili yalikuwa yamelowa, la tatu kavu. Akalibusu lile kavu, akaenda ndani kuinjika kahawa.

Reino alibaki nyuma kidogo, kidogo tu, kama alivyoagizwa na daktari. Kisha akachota kata ya mwisho, akaimwaga juu ya mawe.

"Hii ni yenu."

Mvuke ulipanda, na haukuwa na harufu ya sufu wala tumbaku. Ulinuka chuma na baruti. Juu ya benchi la juu ulisikika mlio mkavu, kra-chak, wa bunduki inayokokiwa. Reino akakumbuka kidole cha Gordy kwenye grisi. Mti wa huyu, chuma cha yule.

Akausukuma mlango. Mlango wa sauna hauna komeo, na hufunguka kwa nje, ili mtu aliyezidiwa aanguke upande wa uhai. Yule askari wa kwanza, wa mti, kwa baridi yake yote, hakuwahi kumfungia. Reino akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Maji yakamwagwa tena juu ya mawe, mengi, na moyo ukaanza kumpiga vibaya.

"Reino!" Darlene aliita kutoka nje, kwa furaha. "Kahawa tayari. Nimekuletea taulo lako. Mbona kule vigingini nimekuta mawili tu? Lile la tatu, lile kavu, umeingia nalo?"

Reino alifungua mdomo amjibu. Kutoka juu, mkono uliofunikwa taulo ukamziba.