Makovu ya Breki Juu ya Chumvi

Babu yangu aliunda magurudumu ya mikokoteni, na hakuna mkokoteni wake uliopata kumwangusha mtu. Baba yangu alifunga breki za malori hadi mvi zikamjaa, akaheshimiwa hata na washindani wake. Kutoka kwao karakana yetu ilirithi desturi moja: anayetoa kitu katika gari hukitaja kwa sauti, na mwenzake hujibu, "Nimesikia." Kabla ya jibu hilo injini haiwashwi. Naitaja nasaba hii ili ifahamike mjukuu wangu alivunja nini siku ile.

Mjukuu huyo ni fundi wa turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa ili iongeze nguvu. Alikuwa ameiunda upya wagoni moja, gari refu lenye mlango wa nyuma, inayosukumwa na magurudumu yote manne, naye akataka kujua inafika kilomita mia kwa saa upesi kiasi gani, na inasimama ndani ya mita ngapi kutoka mwendo huo. Dereva alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtu asiyeishiwa na mzaha. Asubuhi waliifikisha kwenye ziwa lililokauka, uwanja mweupe wa chumvi usio na mti wala jiwe.

Mbio ya kwanza haikumridhisha Fundi. Waliporudi mahali pa kuanzia, shemeji yake akacheka.

"Shemeji, gari lako linaondoka kama bwana harusi aliyelazimishwa."

Maneno hayo yalimchoma. Shemeji alipokwenda kando kujisaidia, Fundi akafungua mlango wa nyuma, akatoa tairi la akiba, jeki, sanduku la spana, mfuko wake uliokuwa na simu, na mwishowe madumu mawili ya maji. Akavipanga vyote kando ya barabara ya malori iliyopita nyuma ya gari, ili gari liwe jepesi. Hakutaja kitu. Alijiambia kwamba watarudi kabla ya kiu.

Sasa gari liliruka. Turbo ikapiga mluzi, migongo yao ikagandamizwa kwenye viti, na Fundi akasoma kwa sauti namba zilizokuwa zikipanda kwenye simu ya shemeji yake, iliyobanwa juu ya dashibodi. Kisha breki: kanyagio likatetemeka chini ya unyayo, chumvi ikapasuka, wakasimama. Walifika mia upesi kuliko mwanzo. Badala ya kugeuza, Fundi akaamuru waendelee kutoka hapo hapo, halafu tena, halafu tena, kila mbio ikiwaingiza ndani zaidi. Harufu ya breki zilizochemka ikajaa ndani ya gari. Aliisikia, akanyamaza.

Mbio ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kasi kuliko zote. Shemeji alipokanyaga breki, uzito wote uliinama mbele, ganda la chumvi likavunjika, na chini yake palikuwa na tope. Gari lilizunguka kama pia, likatumbukiza pua, likanyamaza. Simu ilivunjikia kwenye kioo. Mkanda ulimwokoa Shemeji, lakini ulimvunja mtulinga.

Hawajapata hata kutoka, upepo ukainuka. Ukuta wa vumbi ukaja, ukaufuta mchana. Wakafunga vioo, wakakaa ndani ya joto la tanuri wakisikiliza mchanga ukikwaruza bati.

"Nipe maji, shemeji," alisema mgonjwa.

Fundi hakugeuka. "Hayapo."

"Yamemwagika?"

"Niliyatoa. Nimetoa madumu mawili. Nimetoa tairi, jeki, spana na mfuko wangu. Sikutaja."

Akangoja jibu la karakana. Halikuja.

"Kwa faida ya sekunde ngapi?"

"Haikufika hata moja."

"Ungenitoa mimi," alisema Shemeji. "Mimi ni mzito kuliko madumu." Safari hii hakucheka. Baadaye akauliza, "Na maji ya rejeta?"

"Yana dawa. Yatakuua kabla ya kiu."

Upepo ulipotulia, vumbi lilibaki limetanda angani na jua halikuonekana. Pande zote zilikuwa nyeupe kwa namna moja. Gari lilikuwa limezunguka, kwa hiyo pua yake haikuonyesha kitu, na nyayo za matairi zilikuwa zimefukiwa. Fundi alipiga magoti nyuma ya gari, akapapasa. Vidole vyake vikakutana na mtaro wenye kingo kali. Mahali ambapo magurudumu yalibingirika tu hapakuwa na alama. Mahali ambapo breki ziling'ata, chumvi ilikuwa imepasuka vipande vilivyosimama.

"Kila tuliposimama tumeacha kovu," alisema. "Yamelala kwenye mstari mmoja hadi kwenye maji."

Alivua shati, akaufunga mkono wa shemeji yake kifuani. Wakafika mwisho wa kovu la kwanza. Mbele yake hapakuwa na kitu. Fundi akamsimamisha Shemeji pale kama nguzo, akaenda mbele akigeuka mara kwa mara ili mstari usipinde, hadi alipojikwaa kwenye kovu la pili. Ndipo akamwita. Hivyo ndivyo walivyokwenda, nguzo na mtafutaji. Aliona kwamba, kadiri walivyorudi kuelekea mwanzo, kila kovu lilikuwa fupi kuliko lile walilotoka. Gari lilikuwa limemwambia, mbio baada ya mbio, kwamba breki zimechoka.

Midomo ilipasuka. Shemeji alianguka, akainuka, akaanguka.

"Niache. Mwambie dada yako..."

"Nitamwambia mwenyewe, na wewe utakuwa umekaa pale unanisikiliza."

Akambeba mgongoni. Uzito ule aliokwepa asubuhi sasa ulimkaa mabegani wote, na hakuomba upungue. Chumvi ikamla nyayo ndani ya viatu. Hatimaye, kupitia vumbi, kikaonekana kitu cheusi cha duara: tairi la akiba, na kando yake madumu.

Alimnywesha mwenzake funda baada ya funda. Yeye hakugusa.

"Kunywa, mpumbavu wewe," alikoroma Shemeji. "Ukifa nani atanibeba?"

Dereva wa lori la chumvi aliwakuta hapo, wakiwa wameegemeana.

Nyumbani, Fundi hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya dada yake, mbele yangu, akataja kila kitu alichokitoa, akimalizia na maji. Dada alitazama bega la mumewe lililofungwa.

"Nimesikia," alisema. "Sijasema nimesamehe."

Fundi aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo hutaja hata parafujo moja, na sauti yake haina tena majigambo.

Nanyi vijana mnaoijua kasi na hamjaijua kiu, ninawaamuru: kabla hujaondoka na roho ya mtu kitini kando yako, mwambie ulichokitoa. Nimelitaja neno langu. Sasa nangoja kulisikia jibu lenu.