Tope la Bwawa la Nobert

Nobert alikuwa mtu mwangalifu kupita kiasi. Kazi yake pale Bwera, mpakani mwa Uganda, ilikuwa kununua mchanga wa dhahabu kutoka ng'ambo ya Kongo na kuusafisha kwa zebaki, yale madini ya majimaji yanayong'aa. Alijua moshi wa zebaki ni sumu, kwa hiyo aliichomea mbali na nyumba. Mabaki hakuyamwaga mtoni, watu wa mkondo wa chini wasije wakadhurika. Aliyamwaga katika bwawa lake la kambare, nyuma ya migomba. Zebaki ni nzito. Ilizama kwenye tope, naye akalala usingizi wa pono. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa.

Mwaka 2014 mkewe, Medius, alipata mimba baada ya kungoja miaka sita. Kliniki walimwambia ale samaki. Kila Jumamosi Nobert akawa anamchagulia kambare mkubwa kuliko wote, na jirani yao Baker akamsifu kwamba huyo ndiye mume.

Siku hizo akaja Kobusingye, mpimaji wa maji kutoka Kasese mjini. Alipima chemchemi na visima vya kijiji. Nobert akamwomba apime na bwawa lake. Majibu yalipokuja, zebaki iliyokuwamo majini ilikuwa kidogo sana. Nobert akafurahi, akamweleza mgeni jinsi anavyoificha topeni. Kobusingye akalitazama bwawa tena. Kisha akaomba kambare mmoja akapimwe Kampala.

Baada ya wiki tatu akarudi. Samaki yule alikuwa na zebaki nyingi, isiyofaa kabisa kwa mama mjamzito.

Kichwa cha Nobert kikavurugika. "Maji iko muzuri," akasema. "Samaki anakaa mu maji. Sasa samaki iko mubaya namna gani?"

Medius alishika tumbo lake. Aliogopa. Akauliza kama akimchemsha samaki mara mbili sumu itatoka.

"Hapana, mama," Kobusingye akamjibu. "Hii haitoki na moto, haitoki na moshi."

Akachuchumaa kando ya bwawa, akachokoa tope kwa kijiti. Likanuka kama yai viza. Akaeleza kwamba kule chini hakuna hewa, na humo huishi vijidudu ambavyo macho hayavioni. Vijidudu hivyo huigeuza zebaki ikawa ya namna nyingine, kali zaidi. Hiyo huingia mwilini kwa urahisi na hukawia kutoka. Kwa mjamzito, hufika hadi kwenye ubongo wa mtoto.

Nobert akazidi kuchanganyikiwa. Yeye aliliamini tope.

"Muzee Nobert," Kobusingye akamwuliza, "kwa siku unanunua punje za dhahabu kwa watu wangapi?"

"Kumi. Siku ingine makumi mbili."

"Na jioni?"

"Iko kipande moja kubwa."

"Kambare naye iko vile. Kadudu ka tope kanabeba kidogo. Samaki ndogo inakula tududu mingi. Kambare inakula samaki ndogo mingi. Na Medius anakula kambare."

Nobert akakaa chini palepale. Kipande hicho alikijua. Ndicho alichokuwa akimpa mkewe kila Jumamosi, kwa mapenzi.

Aliinuka akashika jembe ili alifungulie bwawa mtoni. Kobusingye akamzuia. Alisema kulifungulia ni kuwapelekea wengine sumu, na tope lisichimbwe mpaka waje wataalamu. Wakalizungushia ua. Kambare hawakuliwa wala kuuzwa. Zebaki iliyobaki ilifungwa chupani ikakabidhiwa kwa Kobusingye, na tangu siku hiyo Nobert akasafisha dhahabu kwa karai na maji tu, kwa kuirudiarudia.

"Basi samaki niache?" Medius akauliza.

Kobusingye alimwambia asiache, maana samaki humjenga mtoto. Ale wale wadogo, kama mukene, yaani dagaa, kutoka maji yasiyomwagiwa zebaki.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, wakamwita Edisa. Alipofika miezi sita mwuguzi alimpima. Alikaa vizuri, akafuata kidole kwa macho, akacheka. Nobert alilia mbele ya watu wala hakuona haya.

Siku hizi Baker humtania sokoni, kwamba mapenzi yamepungua hadi yakawa mukene. Nobert anainama juu ya fungu, anamchagulia mkewe samaki wadogo kuliko wote.