Jembe la Kuazima

Jua lilikuwa linazama Mama Kelele alipotoka kwenda kudai majembe yake. Majembe tu, wala si kugombana. Ila kitenge alikuwa amekifunga kiunoni mafundo mawili, na watoto walivyoona yale mafundo walinyamaza wenyewe.

Hasira alikuwa nayo na haki alikuwa nayo. Mawingu yamejaa, mvua iko mlangoni, shamba lao halina hata tuta moja. Miti ya mihogo ya kupanda imelazwa kivulini nyuma ya nyumba, inakauka. Mvua ikipita mbegu haijaingia ardhini, hao watoto watakula nini, godoro?

Na godoro lenyewe lilikuwa na mwenyewe. Baba watoto. Siku hizi zote anaamka amechoka kuliko alivyolala, viganja vimejaa malengelenge, na jembe hajashika.

"Mgongo, mke wangu."

"Mgongo umefanya nini? Umebeba usingizi?"

Alimsema mpaka majirani wakaujua ule mgongo kama wanaulea wao. Naye mwenyewe kila asubuhi mikono ilikuwa mizito, jembe halinyanyuki, akasema ni uchovu wa kugombeza.

Sasa kulikuwa na wifi, dada mkubwa wa huyo mgonjwa, anayekaa peke yake ng'ambo ya kijito. Kila jioni alikuja na meno yake yote nje. "Wifi yangu, niazime majembe yenu, yangu yamelegea mipini." Asubuhi anayarudisha, yameoshwa, yanang'aa kama vijiko. Leo hakuyarudisha. Na shamba lake lilikuwa limelimwa karibu lote, mihogo imechomekwa mistari minyoofu, wakati hakuna mtu aliyewahi kuona kibarua anaingia pale.

"Usiende kumtukana dada yangu," mume alisema kutoka kitandani.

"Nitamsalimia. Kwa sauti."

Akaondoka. Kijito kikavu, akakivuka huku anapanga maneno, la kwanza lipi, la kumalizia lipi.

Kwa wifi hakukuwa na taa. Mlango wazi. Jiko limepoa. Ila hewa ilinuka udongo uliopinduliwa sasa hivi, na jasho. Jasho analolijua. Anafua mashati yenye jasho hilo kila wiki.

Kap... kap... tfuu.

Akasimama.

Kap... kap... tfuu.

Mtu analima. Anapiga mara mbili, anatema mate. Ni mwanamume mmoja tu anayelima hivyo, na miaka yote amegombezwa kwa ajili ya hayo mate.

Mama Kelele akazunguka nyumba. Pale mwisho wa shamba mtu ameinama, ameshika jembe kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake, na shati ni lile lile alilomwacha nalo kitandani.

"Baba watoto?"

Hakugeuka. Jembe linapiga, vumbi halinyanyuki.

Nyuma yake kulikuwa na mwanamke. Anafukua kwa jembe lake, anachomeka mti wa muhogo, anaukandamiza kwa kisigino. Fukua, chomeka, kisigino. Mdomo umebanwa kama umeshonwa.

Kiunoni ana kitenge. Mafundo mawili.

Mama Kelele akajishika kiuno, mafundo yake yapo.

"Polepole, wifi." Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, ananong'ona. "Usiwashtue. Limebaki tuta moja."

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Mimi? Nimeazima jembe. Umenipa mwenyewe, kwa mkono wako." Akacheka kidogo. "Mpini unakunywa jasho miaka yote hiyo, wifi. Ukiutoa, unafikiri unatoa mti mtupu?"

Hapo hasira ikampanda ikafunika hata woga wenyewe. Alimrukia yule mwanamume akalivuta jembe. Viganja vilikuwa baridi. Likang'oka, na yule mtu akazimika. Kama kibatari. Ng'ambo ya kijito, huko nyumbani, baba watoto alipiga ukelele mmoja.

Akamgeukia yule mwanamke. Akashika mpini, akavuta.

Bega lake mwenyewe likalia.

Akavuta tena... na maumivu yakamjia mkononi, mkono wake yeye. Yule mwanamke akainua uso. Macho yalikuwa ya Mama Kelele, na yalikuwa na hasira kuliko zake.

Alikimbia. Alikimbia na jembe moja.

Mvua ilikuja alfajiri. Baba watoto aliamka kama kijana anayeoa, akalima, akapanda, na mihogo ikachipua yote. Watoto watakula. Kila mtu akasema, mgongo umepona.

Mama Kelele alirudi kwa wifi kudai jembe lake. Akarudi tena. Na tena.

"Jembe gani, wifi yangu? Si unalo, unalitumia?"

Mumewe naye: "Dada yangu akuibie jembe? Wewe nawe. Nitakununulia lingine." Alisimuliwa yote, akacheka, akasema ni ndoto za njaa.

Kisha watoto wakaanza kuuliza, "Mama, umesemaje?" Sauti ilikuwa inapungua. Leo neno, kesho mnong'ono. Siku hizi anafungua mdomo, unatoka upepo tu. Jioni anakaa mlangoni, visigino vina matope, na hajaenda shamba.

Baba watoto anawaambia wenzake, "Mke wangu katulia. Namshukuru Mungu." Wanacheka, wanampongeza.

Lakini wanaovuka kijito jioni wanakwenda mbio. Shamba la wifi halina mtu, na sauti ya mwanamke inatembea tuta hadi tuta, inatukana bila kupumzika. "Lete jembe langu... Baba watoto, mjinga wewe, niko huku. Niko huku."

Kwenye mihogo yake, baba watoto anaisikia. Anainua kichwa kidogo. Anasikiliza.

Kap... kap... tfuu.

Anaendelea kulima.